Nafsi ya Kwanza: Maoni Kuhusu Majina ya Wapenzi wa Jinsia Moja katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili neno "nafsi" lina kazi mbili. Kwanza, hutaja roho ya mtu na utu wake, yaani kile kinachomfanya awe yeye na si mwingine. Pili, katika istilahi za sarufi, hutaja nafasi za wahusika katika mazungumzo: anayesema, anayesemeshwa na anayesemwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa maana hizo mbili hukutana tunapojadili utambulisho wa wapenzi wa jinsia moja. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kina majina mengi ya watu hawa, lakini takriban yote ni majina ya nafsi ya tatu. Ni majina ya kumsema asiyekuwapo, au ya kumtusi aliyepo. Ni machache mno ambayo mtu anaweza kuyatamka baada ya maneno "mimi ni" bila ya kujitukana mwenyewe.

Suala hili lilinifikia darasani kabla ya kunifikia vitabuni. Kwa miaka mingi, nilipofundisha unominishaji kwa kiambishi tamati -ji, nilizoea kutoa mifano ya "msomaji", "mchezaji", na mwishowe "msagaji". Darasa lilicheka, nami niliridhika kwamba somo limechangamka. Mwaka mmoja mwanafunzi wa uzamili alibaki nyuma baada ya kipindi, akaniuliza: "Mwalimu, mtu huyo naye akitaka kujitaja, atumie neno gani?" Sikuwa na jibu. Maoni yanayofuata ni jaribio la kulitoa jibu hilo, ingawa limechelewa.

2.0 Msamiati tulio nao

Tuanze na neno "msagaji" lenyewe. Kiambishi -ji huonyesha mtu atendaye jambo kwa mazoea. Anayesaga nafaka ni msagaji, na mwanamke ampendaye mwanamke mwenzake ameitwa kwa jina hilo hilo. Maana yake ni kwamba lugha imemtambulisha mtu kwa tendo moja linalodhaniwa kufanyika faraghani. Upendo wake, uaminifu wake na maisha anayojenga na mwenzake havimo katika neno hilo. Hatumwiti mke wa mtu kwa jina la tendo la ndoa, wala hakuna anayeona kuwa hilo ni pengo katika msamiati.

"Hanithi" lina historia ndefu zaidi. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu kh-n-th, ambao pia umetupatia neno "huntha". Katika Kiswahili "hanithi" limekuja kumaanisha mwanamume asiyeweza tendo la ndoa, kisha likawa tusi la jumla kwa mtu mwovu. "Huntha" limebaki kwa mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsia mbili. Hivyo mzizi mmoja umewakusanya watu wa hali tatu zilizo mbalimbali: mwenye maradhi, mwenye maumbile ya pekee, na mwenye mapenzi ya pekee. Mkanganyiko huo una madhara. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,524 wenye jinsia mbili, na Sheria ya Watoto ya nchi hiyo ya mwaka 2022 inawatambua watoto wa namna hiyo. Dola imeanza kutenganisha yale ambayo mazungumzo yetu ya kila siku yangali yakiyachanganya.

Neno "shoga" ndilo lenye mafunzo zaidi. Katika mwambao, mwanamke humwita rafikiye wa kike "shoga", na "shogangu" ni neno la mahaba na siri. Neno hilo hilo, likielekezwa kwa mwanamume, huwa silaha. Umbo ni lile lile. Wingi wake "mashoga" nao hauna kosa, maana ngeli ya ma- inawahifadhi pia mabwana, mafundi na madaktari. Kilichobadilika ni nani anamsema nani. Kati ya mashoga wawili wa kike, neno hupita kutoka nafsi ya kwanza kwenda nafsi ya pili, nalo hupokewa kwa tabasamu. Likitupwa kwa mwanamume barabarani, hutoka kwa kundi kwenda kwa mtu mmoja, wala halitarajii jibu.

Baadhi ya wasomi hudai kuwa jambo lenyewe ni la kigeni, hivyo lugha haina deni kwalo. Ushahidi wa kileksia unapingana na dai hilo. Mwaka 1899 Michael Haberlandt alichapisha kwa Kijerumani makala kuhusu Zanzibar iliyorekodi maneno ya wenyeji, yakiwamo "mke-si-mume" na "hanisi". Gill Shepherd aliandika kuhusu Mombasa mwaka 1987, na Deborah Amory akaendelea na mada hiyo kwa mwambao wa Afrika Mashariki mwaka 1998. Maneno yaliyotoka Ulaya, kama "gei", ndiyo yaliyochelewa kufika. Kilichofika mapema kutoka huko ni vifungu vya sheria ya jinai vilivyoletwa na utawala wa Waingereza, ambavyo vingalipo. Tanzania Bara adhabu ni kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Kenya, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo tarehe 24 Mei 2019. Na Uganda ilitunga sheria kali zaidi mwaka 2023.

3.0 Kujitaja

Mnamo Januari 2014 mwandishi wa Kenya Binyavanga Wainaina, mshindi wa Tuzo ya Caine ya mwaka 2002, alichapisha insha ambayo ndani yake anamwambia mama yake, aliyekwisha kufariki, kwamba yeye ni mpenzi wa jinsia moja. Sentensi hiyo ni fupi: ina "mimi", ina kitambulishi, na ina "mama". Aliiandika kwa Kiingereza. Hatuna haki ya kumlaumu kwa hilo, lakini tunao wajibu wa kujiuliza: kama angetaka kuisema kwa Kiswahili, tungempa neno gani la kuweka baada ya "mimi ni"? "Hanithi"? "Msenge"? Mwana hawezi kusimama mbele ya mamaye akajitambulisha kwa tusi.

Kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya tarehe 24 Februari 2023 inatilia nguvu hoja hii. Chanzo chake kilikuwa jina. Bodi ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali ilikataa kuhifadhi jina la shirika la haki za binadamu kwa sababu lilikuwa na maneno yanayowataja wapenzi wa jinsia moja wa kiume na wa kike. Ombi lilianza mwaka 2013, likapita Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, na miaka kumi baadaye majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba kukataa huko kulikuwa ubaguzi. Watu walishitakiana muongo mzima juu ya haki ya kujiita. Mwanaisimu anayesema majina hayana uzito na aisome hukumu hiyo.

Wenyewe hawakungoja mahakama wala kamusi. Nchini Uganda neno "kuchu" limetumika baina yao kwa ndani, kisha likatoka hadharani; filamu ya mwaka 2012 kuhusu mwanaharakati David Kato, aliyeuawa Januari 2011, inalo katika anwani yake. Nchini Kenya, Wanuri Kahiu aliipa filamu yake ya mwaka 2018, kuhusu wasichana wawili wapendanao, jina la "Rafiki". Ilipigwa marufuku, kisha mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Neno hilo halikuhitaji kubuniwa. Kila Mswahili analijua, na halina doa.

4.0 Kujivuna na kujivunia

Wapo wanaokubali kwamba watu hawa wasitukanwe, lakini wanakereka na neno "fahari". Kwao, mtu anyamaze, asijivune. Hapa mnyambuliko wa vitenzi unatusaidia. "Kujivuna" ni kujikweza juu ya wengine, na majivuno ni aibu katika maadili yetu. "Kujivunia" ni kauli ya kutendea: inadai kitu ambacho mtu anakionea fahari, wala haidai kuwapo kwa mtu wa chini yake. Mzazi hujivunia mtoto, na mkulima hujivunia shamba. Aliyeambiwa tangu utoto kwamba yeye ni uchafu, kisha akasema "ninajikubali", hajamkweza mtu yeyote. Katika kitenzi hicho ni- na ji- ni mtu mmoja: anayekubali na anayekubaliwa. Ni sentensi ndogo isiyohitaji ruhusa ya nafsi ya tatu.

5.0 Hitimisho

Itasemwa kwamba kazi ya mwanaleksikografia ni kuieleza lugha ilivyo, si kuirekebisha. Tunakubali, na ndiyo sababu tunataka ielezwe ilivyo. Kwanza, kila kidahizo kinachotumika kwa kutusi kiwekewe alama ya kuonyesha hivyo, kama tufanyavyo kwa matusi mengine. Pili, fasili zitenganishe maradhi, maumbile na mapenzi. Tatu, utafiti wa uwandani uwaulize wazungumzaji hawa wenyewe wanajiitaje, na majibu yao yaandikwe bila ya kuwaanika, maana sheria zilizopo zinaweza kuufanya uzembe wa mtafiti kuwa kifungo cha mtu mwingine. Nne, walimu tuchague mifano yetu kwa uangalifu. Darasa la watu arobaini halikosi mtu anayejisikia ametajwa.

Mimi mfano wa "msagaji" nimeuacha. Ninapofundisha -ji sasa nasimama kwenye "msomaji", na somo halijapungukiwa na kitu. Mwanafunzi yule alihitimu zamani. Swali lake bado halijajibiwa na kamusi yoyote iliyo juu ya meza yangu.