Mama hana kosa, anayeuza gazi ajibu

Vijana wenzetu wa Birere, wa Katoyi, wa Majengo, wa Himbi,

Kila mara moto ukiwaka kwenye parseli, hukumu inatoka kabla majivu hayajapoa: "Ni mama alisahau kufunga gazi." Basi, imekwisha. Hakuna anayeuliza chupa ilijazwa na nani, tiyo ilikuwa na miaka ngapi, detandere ilitoka wapi. Hukumu hiyo tunaikataa.

Tusieleweke vibaya: hatuko kinyume na gazi. Makala mengi ya Goma yanatoka ndani ya Virunga, msitu unakwisha na wenye bunduki wanakula pesa. Na wale wanaosema eti heri makala juu gazi inaua, wakumbuke mbabula inayoingizwa ndani siku ya mvua: sumu yake haionekani, haina harufu, inamaliza watu usingizini. Gazi angalau inapiga kelele. Yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya imeongezwa kusudi ikuamshe.

Shida ni kuuza gazi sawa vile mtu anauza mafuta ya mawese.

Mtu wa Goma hahitaji profesa kwa kuelewa hii, anajua mazuku. Tangu utoto tunaambiwa tusikae kwenye mashimo asubuhi mapema, juu ile hewa nzito inalala chini na inakaba. Gazi ya chupa iko na tabia ileile: ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Ikivuja haitoki kwa dirisha la juu. Inashuka, inatambaa kwenye sakafu, inapita chini ya mlango, inafika kwa jirani ambaye mbabula yake inawaka. Na haihitaji kuwa mingi: ikifika sehemu 2 hivi katika 100 za hewa, cheche moja inatosha. Sasa weka hiyo ndani ya nyumba zetu za mbao, ukuta kwa ukuta, chumba kimoja cha kulala na kupika, buji inawaka juu umeme umekatwa tena.

Njo maana kila mtu nyumbani, hata mtoto wa miaka kumi, ajue. Chupa inasimama wima, hailazwi hata kama iko karibu kuisha, juu ikilala gazi ya maji inaingia ndani ya tiyo. Kiberiti kinawashwa kwanza, kisha gazi inafunguliwa, si kinyume. Ukibadilisha chupa, paka povu la sabuni kwenye kichwa na kwenye tiyo: likitoa mapovu, inavuja. Anayetafuta mvujo kwa kiberiti anatafuta kaburi. Ukisikia harufu usiku, usiguse swichi, hata kwa kuzima, wala usiwashe tochi ya simu humo ndani. Funga chupa kama unaifikia, fungua milango, toa watu inje, zimisha mbabula ya jirani. Kaka, usiseme hiyo ni kazi ya mama. Wewe ndiye unayebeba chupa kwa moto kutoka depo, wewe ndiye unayeifunga.

Lakini mama anaweza kufanya yote hayo na nyumba ikaungua bado. Chupa haijazwi mpaka juu: inaachwa karibu sehemu 20 kwa 100 wazi, juu gazi ya maji inavimba joto likipanda. Yule anayehamisha gazi kutoka chupa kubwa kwenda ndogo pembeni ya barabara, bila mizani, ataijuaje hiyo sehemu? Hajui. Anakisia, na kisio lake linalala chini ya kitanda chako. Tena mara ingine anakuibia: unalipa kilo 6, unapeleka nyumbani 5. Uzito wa chupa tupu umepigwa muhuri kwenye chuma chenyewe. Pima, toa, utajua. Wizi na hatari vinakaa ndani ya mizani moja isiyokuwepo.

Mwenye parseli naye asijifiche. Unakodisha chumba bila dirisha, unakusanya garanti ya miezi, kisha unamwambia mpangaji "angalia gazi yako"?

(Na tuseme hii kwa uchungu: chini ya ziwa Kivu kuna metani mingi, na upande wa Rwanda wanaitoa kwa kutengeneza umeme. Si gazi ileile ya chupa, tunajua. Lakini umeme ungekuwepo, nani angewasha buji kando ya chupa?)

Mamlaka zinabadilika, taksi zinabaki. Basi anayeomba raia taksi, awe nani, ajibu hapa: mizani mbele ya mteja kwa kila depo, chupa yenye kutu ao iliyobondeka isijazwe, tiyo na detandere zikaguliwe kabla hazijaingia sokoni, kuhamisha gazi barabarani kusimame, lakini kijana anayeishi kwa kazi hiyo apewe nafasi ndani ya depo, asipigwe fimbo.

Wakati tunangoja jibu, usilipe chupa ambayo haijapimwa mbele ya macho yako. Muuzaji akisema mizani imeharibika, rudisha chupa, na uwaambie wote walio nyuma yako kwenye mstari juu ya nini unaondoka.