Tusipimane kwa Farasi wa Jangwani

Kama umekaa hosteli zaidi ya semesta moja, mchezo huu unaujua. Unaambiwa ufumbe macho. Uko jangwani. Mbele yako kuna mchemraba: una ukubwa gani, umetengenezwa kwa kitu gani, umekaa chini au unaelea? Kuna ngazi: iko wapi? Kuna farasi: anafanya nini? Kuna maua. Kisha inakuja dhoruba. Ukishafumbua macho unapewa majibu: mchemraba ni wewe mwenyewe, ngazi ni marafiki zako, farasi ni mpenzi, maua ni watoto na dhoruba ni matatizo. Ngazi ikiegemea mchemraba, eti marafiki wanakutegemea. Farasi akiwa mbali, basi tena, mapenzi yako yana walakini.

Mimi sina ugomvi na mchezo wenyewe. Umeme ukikatika, chumba cha watu sita kinapata cha kucheka mpaka urudi. Ugomvi wangu unaanza pale mchezo unapotoka chumbani na kuingia semina ukiwa umevaa tai, unaitwa “kipimo cha haiba”.

Mwaka jana kwenye semina moja ya viongozi wa vikundi, mwezeshaji alitufumbisha macho wote. Dada mmoja aliyekuwa amechukua fomu ya kugombea ukatibu akasema farasi wake hana kamba, anakimbia huku na huko. Mwezeshaji akatabasamu, akatangaza mbele ya ukumbi mzima: “Huyu bado hajatulia.” Watu wakaangua kicheko. Kwa wiki nzima akaitwa Farasi. Fomu yake hakuirudisha. Sasa niambieni wenzangu, pale kilipimwa nini? Uwezo wake wa kuandika mihtasari? Uaminifu wake na pesa za kikundi? Hakuna. Kilichofanyika ni msichana kuaibishwa kwa lugha ya kitaalamu.

Najua jibu la wengi: “Mbona kwangu ilikuwa kweli kabisa?” Jibu lake lina umri mkubwa kuliko wazazi wetu. Mwaka 1948, mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la haiba. Baadaye kila mmoja akapokea maelezo yake, akaombwa ayape alama kuanzia 0 hadi 5 kwa jinsi yanavyomhusu. Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, na sehemu kubwa Forer aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu! Ukiniambia “unapenda watu, ila kuna siku unataka kukaa peke yako”, nitaruka na kusema umejuaje. Lakini nani hayuko hivyo? Hata mlinzi wa geti yuko hivyo.

Halafu kuna suala la ufunguo wenyewe. Nani aliamua farasi ni mpenzi? Mchezo wa mchemraba ulitolewa kitabu Marekani mwaka 1995 na Annie Gottlieb na Slobodan Pešić. Wengi wetu farasi tumemwona kwenye filamu, na jangwa tumelisoma kwenye Jiografia. Mwenzangu mmoja kutoka Dodoma alipofumba macho, farasi hakuja. Alikuja punda, mgongoni ana madumu ya maji. Kwa ufunguo ule, mpenzi wake ni wa kubebeshwa mizigo, na tulimtania sana. Ila ukimuuliza mwenyewe, punda yule ni asubuhi za kwao: maji yakiwahi kufika, wadogo zake wanawahi shule. Na mtoto wa fundi umeme akiona ngazi, hawaoni marafiki. Anamwona baba yake juu ya nguzo, na mama yuko chini anaomba ashuke salama. Picha ni ya mtu, na maana yake anayo yeye. Ukimpa maana kutoka kwenye orodha, umemnyang'anya.

Hili linatuhusu zaidi sisi wa elimu, maana muda si mrefu tunaenda fildi. Mchezo huu una ndugu yake, ule wa kutembea msituni hadi unafika kwenye maji, unaulizwa utavukaje. Chukulia umepangiwa shule upande wa Ukerewe. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Mtoto aliyekuwa darasa la pili siku ile alikuja kuingia sekondari. Wewe mgeni umesimama mbele ya darasa, unasema: “Fumbeni macho, mko mbele ya maji, mnavukaje?” Mmoja anakataa kufumba macho. Utaandika kwenye daftari lako kwamba anaogopa changamoto? Na akianza kulia, umejiandaa kumsaidia, au una dakika arobaini za kipindi na mada haijaisha?

Atakuja mtu aseme taswira hutumika hata hospitalini. Ni kweli. Kule Ujerumani, kuanzia miaka ya 1950, daktari Hanscarl Leuner alitumia taswira za namna hii katika tiba: uwanja wa nyasi, kijito, mlima, nyumba. Lakini ile ilikuwa tiba, chini ya mtaalamu aliyeisomea. Haikuwa dakika kumi za kuchangamsha semina kabla ya chai.

Je, tuutupe mchezo? Hapana. Mimi naona una faida moja kubwa: unamfungua mtu mdomo. Mwanafunzi ambaye ukimuuliza “una shida gani” anajibu “sina, mwalimu”, anaweza kukuelezea mchemraba wake kwa robo saa. Basi tuutumie kwa hilo. Kwanza, anayetaka kukaa pembeni aachwe, bila maswali. Pili, mtu asitafsiriwe mbele ya watu. Tatu, badala ya kumpa majibu, muulize: “Kwako hii ina maana gani?” Ukishauliza, nyamaza usikilize. Nne, alichokiona kisitumike kuamua lolote: uongozi, kikundi cha kazi, mkondo wa masomo, wala maoni ya mwalimu kwenye ripoti.

Wanaoona nakuza mambo, kwa kuwa ni mchezo tu, nakubaliana nao kabisa. Ni mchezo. Kwa hiyo usiingie kwenye ripoti ya mtoto wa mtu. Neno la mwalimu halifutiki kama chaki. Mtoto akiambiwa na mwalimu kwamba yeye ni mwoga, anaweza kuliamini miaka ishirini. Sisi tunasomea kazi hiyo ya kusema maneno yanayoaminiwa. Tuwe wagumu kidogo kuyatoa.