Paa Moja, Karatasi Ileile



Barabara ya Namanga inachepuka hapa hapa Athi River. Ukifika mpakani, unaliombea gari lako kibali cha kuingia Tanzania kwa muda. Toa logibuku. Andika nambari ya usajili, ya chesisi, ya injini. Yote hayo si yamo tayari kwenye kompyuta za NTSA?

Sisemi kibali hakina maana. Bila hicho, mtu angevuka na gari kama anayetembea, kisha aliuze huko bila kulipa ushuru. Lakini mimi kazi yangu ni kuandika programu. Kinachotakiwa hapa ni rekodi mbili tu: gari limeingia lini, limetoka lini. Nambari ya chesisi ndiyo ufunguo. Jedwali moja linatosha!

Badala yake, mzigo ni wa dereva. Ukirudi bila kukifunga kibali, kwenye rekodi gari bado liko kule, na faini inakungoja.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005. Kituo cha pamoja cha Namanga kilizinduliwa rasmi Desemba 2018, maafisa wa nchi mbili wakakaa chini ya paa moja. Hongera. Sasa data nayo ivuke.

Mkisema haiwezekani, tazameni bima. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini Kadi ya Njano ya COMESA inatambuliwa huko mpaka leo. Bima imeweza. Forodha inashindwa na nini?

Tafakarini.