Chanjo ya malaria na gome la mti: Tuulize, tusivumishe

Baada ya swala na kliniki akina mama huuliza: "Hii chanjo ya malaria ina nini ndani?" Kuuliza si kosa. Muislamu anapaswa kujua kinachoingia mwilini mwa mwanawe. Kosa ni kujijibu kwa uvumi.

Chanjo ya R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, ina kipande cha protini kinachofanana na ganda la kimelea cha malaria. Kimelea chenyewe hakimo. Kipande hicho peke yake hakiuamshi mwili vya kutosha, hivyo huongezewa kiamshi chenye saponini, kemikali ya povu inayotoka kwenye gome la mti wa Quillaja wa nchini Chile. Wenyeji wa huko walifulia gome hilo. Saponini zimo hata katika mkonge wetu.

Je, tuchemshe magome nyumbani? La hasha! Saponini ghafi ikiingia katika damu hupasua chembe nyekundu. Kiwandani husafishwa, hupimwa na kuchanganywa na mafuta maalumu ili kudhibiti madhara hayo. Mti ni neema ya Allah (s.w.), lakini kujua kipimo ni elimu.

Watoto wa Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, walikuwa miongoni mwa watoto wapatao 4,800 wa Tanzania, Kenya, Mali na Burkina Faso walioshiriki majaribio. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionesha kuwa katika mwaka wa kwanza malaria ilipungua kwa asilimia 75 penye malaria ya msimu, na 68 kwingineko.

Utasema Singida malaria ni kidogo. Kweli, ukilinganisha na Kanda ya Ziwa. Lakini kwa sababu hiyo, mtoto wetu akipelekwa kwa bibi yake Geita au Kigoma, mwili wake haujaizoea, na huzidiwa haraka.

Rai yangu: chanjo hii ikitolewa mahali ulipo, mpeleke mtoto kuanzia miezi mitano, akamilishe dozi zote nne. Homa ya muda ikitokea, mwone mhudumu. Muulize pia la halali na haramu. Na usiache chandarua, maana chanjo haizuii malaria yote. Tawakkul huja baada ya kumfunga ngamia.

Wabillahi tawfiq.