Mwongozo wa Kulipia Si Hela ya Kutupa

Mwenzangu ameandika kwamba kulipia mwongozo wa kutengeneza televisheni za kichogo ni kutupa hela, kwa kuwa fundi mzuri hujifunza kwa mkono. Sikubali. Seti hiyo si redio ya betri. Kioo cha rangi hupokea takriban volti 25,000 kutoka kwenye flaibeki, yaani transfoma ya volti kubwa, na umeme huo unaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mkono unaojifunza kwa kukosea hapo huenda usipate somo la pili.

Anasema pia kwamba intaneti ina kila kitu bure. Ina mengi, ndiyo. Lakini fundi wa Kamembe aliyeletewa seti kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, hahitaji mengi. Anahitaji mchoro wa saketi ya seti ile ile, na volti inayotakiwa kila sehemu. Bila hivyo atabadilisha kapasita moja baada ya nyingine, kumbe ni solda iliyopasuka kwenye miguu ya flaibeki.

Jambo moja nampa: mwongozo unaorudia tu "badilisha kapasita zote" haufai hata faranga mia. Muuzaji aonyeshe kwanza kurasa mbili, fundi ajue analipia nini.