Chungu cha Nyumbani

Wako watu wadhanio kuwa heshima ya mlo hupimwa kwa bei yake. Kwao mkate mweupe na soda ni dalili ya maendeleo. Mnavu na majani ya kunde ni chakula cha wasiojiweza. Dhana hiyo ni ya uongo, nami naipinga kwa kuwa niliwahi kuwa mtumwa wake.

Nilipoanza kazi ya ualimu nilitaka majirani wauone mshahara wangu mezani. Asubuhi watoto walipewa mkate mweupe na chai ya sukari nyingi. Jioni, viazi vya kukaanga vilivyonunuliwa njiani. Uji wa wimbi niliufukuza nyumbani. Siku moja kifungua mimba wangu alipimwa zahanati, akaonekana ana upungufu wa damu. Muuguzi akaniuliza, “Mwalimu, mtoto huyu hula nini?” Nilianza kujibu kwa fahari, nikamaliza kwa aibu. Shambani kwa mama yangu mnavu ulikuwa ukijiotea bure.

Yatazame mahindi. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini cha punje, navyo ndivyo vyenye sehemu kubwa ya mafuta na vitamini. Kisha sisi hulipa zaidi ili tupate kilichopungua. Itazame githeri. Upungufu uliomo katika protini ya mahindi hukamilishwa na maharagwe. Nyanya zetu hawakusoma kemia, lakini chungu chao kiliijua hesabu hiyo. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema kwa mataifa. Je, wageni wasifu tunachokionea haya?

Nitaambiwa kuwa nafasi hakuna na makaa ni ghali. Ni kweli, wala sikani. Lakini maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi, na mboga za majani hazitaki moto wa muda mrefu. Moto mwingi huziharibu. Wengine watasema kuwa jiko ni la mama. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko zote. Ikiwa wote hula, kwa nini mmoja tu apike? Kijana awezaye kucheza kandanda tangu alasiri hadi magharibi hashindwi kuchambua mboga.

Kupika nyumbani si kuchemsha tu. Ni kukaa ukafikiri: leo watakula kina nani, na miili yao yahitaji nini? Muuza vyakula njiani hawezi kukufikiria hivyo. Hajui kuwa mwanao hana damu.

Mwanangu alipona kwa dawa za zahanati na kwa mlo tulioubadilisha. Sasa uji wa wimbi umerudi mezani petu, na siku za Jumamosi mimi ndiye niukorogaye. Wazee walituonya zamani: usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha, na aliyelipa ni mtoto.