Fumbo si Mtihani

Kila ninapoitaja The Book of the New Sun ya Gene Wolfe napata jibu moja kati ya mawili. La kwanza ni la walioiacha njiani: mwandishi anayejua kazi yake hamfichi msomaji. La pili ni la walioimaliza, na husemwa kwa tabasamu: hiyo si ya kila mtu. Makundi haya mawili yanadhani yanapingana. Mimi naona yanakubaliana kwamba fumbo katika riwaya ni mtihani, na kwamba kuna waliofaulu na waliofeli. Nayapinga yote mawili.

Kwa asiyeijua, hii ni hadithi moja katika vitabu vinne vilivyotoka kati ya 1980 na 1983. Severian, kijana aliyelelewa na chama cha watesaji, anasimulia maisha yake katika dunia ya mbali mno, jua likiwa linafifia. Anampenda mfungwa, Thecla, anampa kisu ajimalize kuliko kuendelea kuteswa, na kwa kosa hilo anapelekwa mbali akawe mnyongaji. Tangu sura ya kwanza anatudokeza kwamba safari hiyo itamfikisha kwenye kiti cha enzi. Anatuambia pia kwamba hasahau kitu.

Sasa, mtu asiyesahau bado anaweza kuchagua cha kusema. Katika kitabu cha kwanza, yeye na wanawake wawili wanakaa kula, na mhudumu anaacha kijikaratasi chenye onyo lisiloeleweka. Kinamhusu nani? Hadithi inasonga. Mhudumu huyo anarudi katika kitabu cha nne, anaulizwa kuhusu picha ya mama yake, na msomaji aliyekuwa makini anashtuka: uhusiano wa Severian na mwanamke mmoja aliyelala naye sio aliodhani. Severian ameshaelewa. Anatuwekea vipande mezani, kisha anaendelea na mambo mengine.

Mlalamikaji atauliza: kwa nini asiseme tu? Kwa sababu anayesimulia ni mtawala, anaandika akiwa ameshapata madaraka, kuhusu mikono yake yenye damu. Anavutia. Ana huruma, anafikiri sana, anajieleza vizuri. Wolfe angetuwekea maelezo pembeni, tungesoma kumbukumbu za mtesaji huku tumestarehe, tukijua tumeshasaidiwa kumhukumu. Badala yake tunalazimika kufanya kile tunachopaswa kufanya kwa kila mkubwa anayeandika kitabu cha maisha yake: kuangalia anaharakisha wapi, anamtaja nani mara moja tu, anaficha aibu gani nyuma ya sentensi nzuri.

Hapo ndipo ninapogombana na wenye tabasamu. Wanapenda methali: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Wameigeuza riwaya kitambulisho cha werevu. Wanaorodhesha nani ni nani kwa nani, wanachambua kila neno la kale ambalo Wolfe alilifufua, na kuna hata kamusi nzima ya dunia hiyo, Lexicon Urthus. Sina ugomvi na kamusi. Lakini ukishaujua uhusiano ule, bado hujajibu swali lililo zito zaidi: kwa nini alinyamaza? Wengi huishia kabla ya hapo, wakajipongeza.

Nasi Waswahili tumelifanya hili kwa Kezilahabi. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni vitabu vyembamba, lakini vilipata sifa ya ugumu, na sifa hiyo ikatosha: wengine wakaviogopa, wengine wakavitumia kuwatisha wenzao darasani. Kitabu kikishakuwa mtihani, hakuna anayekiuliza kinasema nini.

Ninachodai ni kidogo. Usianze na muhtasari wala video ya kukueleza mwisho wake, kwa maana ukishaambiwa cha kushuku, huna tena haja ya kushuku mwenyewe, na shuku hiyo ndiyo riwaya yenyewe. Usiposhika jambo, endelea. Wolfe aliiandika hadithi hii irudiwe. Na ukikutana na mtu anayekwambia si ya kila mtu, muulize Severian alinyamaza wapi, na kwa faida ya nani. Asipokuwa na la kusema, yeye ndiye hajaimaliza.